Mkeka na Saa: Maswali Yenu Kuhusu Wakati wa Kufanya na Kufundisha Yoga

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu saa: asubuhi au jioni, kabla ya kula au baada, darasa lianze lini, liishe lini. Tunataja msimamo wetu mapema ili msomaji ajue majibu yanatoka wapi. Hakuna saa mbaya ya yoga, ila ipo mikao isiyofaa kwa saa fulani. Anayefuata mpangilio uleule alfajiri, mchana na usiku bila kubadilisha kitu ndiye anayeumia, au anayekata tamaa na kukunja mkeka.

Nafanya yoga saa 11 na nusu alfajiri, mara tu nikiamka, kabla ya kwenda kazini. Nikiinama mikono inaishia magotini. Jumapili nikifanya jioni nagusa vidole vya miguu bila taabu. Je, asubuhi napoteza muda? Tena siku za asubuhi kiuno huniuma kidogo. (Msomaji, Morogoro)

Hupotezi muda. Unachokosea ni kuanza na mkao usio wa saa hiyo.

Joto la ndani la mwili huwa chini kabisa mwishoni mwa usiku, kama saa 10 hadi 11 alfajiri kwa mtu anayelala usiku. Baada ya hapo hupanda taratibu hadi kufika kilele kati ya saa 10 na saa 1 jioni. Kwenye kipimajoto tofauti ni ndogo, nusu digrii hadi digrii moja ya Selsiasi, lakini misuli na kano huitambua. Zikipata joto hunyumbulika, zikiwa baridi hugoma. Ndiyo maana mikono yako inaishia magotini, na hapo hakuna ugonjwa.

Kiuno kina sababu nyingine, na hii ndiyo tunayokuomba uizingatie zaidi. Ukilala, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hupumzika uzito na kunyonya maji. Unapoamka zimejaa kama sponji iliyolowa, na wewe umerefuka kwa sentimita moja au zaidi kuliko ulivyokuwa jana usiku ulipokwenda kulala. Karibu nusu ya urefu huo hupungua ndani ya dakika 60 za mwanzo za kusimama na kutembea. Diski iliyojaa haikunjiki kirahisi. Ukiinama mbele na mgongo uliopinda wakati huo, mkazo unaoiingia ni mkubwa mara kadhaa kuliko ukiinama hivyohivyo mchana. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1998 uliwafundisha watu wenye maumivu sugu ya kiuno wasiiname katika saa za mwanzo baada ya kuamka, na maumivu yao yalipungua.

Basi acha saa yako ilivyo, badilisha mpangilio. Amka, nenda msalani, kunywa glasi ya maji ya uvuguvugu, tandika kitanda, bandika chai, tembeatembea. Ukiweza kupata dakika 30 kabla ya kupanda mkekani, vizuri sana. Zikikosekana, hata 15 zinasaidia. Halafu:

Lala chali, magoti yamekunjwa na nyayo ziko chini. Peleka magoti kulia na kushoto mara 8 kila upande, mwendo mdogo tu, mabega yasinyanyuke. Geuka ukae kwa mikono na magoti, fanya paka na ng'ombe mara 8, na unapoinua mgongo kama paka usilazimishe hadi mwisho. Lala kifudifudi, fanya swila mdogo mara 5: kifua kinapanda kwa nguvu za mgongo, viganja havisukumi. Watu wengi huruka hatua hii, nasi tunaiona ndiyo kiini cha mazoezi ya alfajiri, kwa sababu inaupeleka uti wa mgongo upande ambao diski zilizojaa huuvumilia. Kisha mkao wa mbwa (viganja na nyayo chini, makalio juu), magoti yakiwa yamekunjwa kabisa, pumzi 5. Kisha hatua ndefu mbele, goti la nyuma chini, pumzi 5 kila upande, ili kufungua mbele ya nyonga. Shujaa wa pili (miguu imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa pembeni), pumzi 5 kila upande.

Hapo zimepita dakika 12 hivi. Sasa ndipo salamu ya jua, ule mfululizo wa kuinama, kushuka na kuinuka, mizunguko 3 hadi 5, na katika mizunguko miwili ya kwanza weka mikono juu ya kiti au matofali badala ya sakafu. Mikao ya kukaa na kuinama mbele iwe ya mwisho kabisa. Kalia blanketi lililokunjwa lenye unene wa sentimita 8 hadi 10, pitisha khanga kwenye nyayo, vuta khanga huku mgongo umenyooka. Ukiona kiuno kinaanza kupinda, umefika. Hapo ndipo mwisho wako kwa asubuhi hiyo.

Usijipime asubuhi kwa kipimo cha jioni. Linganisha Jumatatu alfajiri na Jumatatu alfajiri ya mwezi uliopita. Jioni nayo ina hatari yake: mwili wenye joto hukubali haraka, nawe umechoka, umakini umepungua, unajivuta kupita kiasi bila kusikia onyo. Mahali panapoumia mara nyingi ni pale misuli ya nyuma ya paja inaposhika kwenye mfupa wa kukalia. Dalili yake ni maumivu ya ndani kabisa ya kalio ukikaa kwenye kiti kigumu au ukiendesha gari muda mrefu. Hayo yakikupata, acha kuvuta misuli hiyo kabisa, fanya daraja (lala chali, magoti yamekunjwa, inua makalio) ili kuijenga nguvu, na uwe mvumilivu kwa miezi, maana kano hupona polepole.

Kiuno kikiendelea kuuma baada ya wiki tatu za mpangilio huu, au maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi, nenda hospitali.

Nafundisha wanawake Mombasa, wengi wao Waislamu. Darasa la saa 12 jioni linakatwa na Magharibi, na nikilisogeza mbele wanasema wanachelewa kupika. Nifanyeje? (Mwalimu)

Mwalimu mwenzetu, saa 12 jioni ndiyo saa ngumu kuliko zote kwa Mombasa. Jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 kutegemea mwezi, kwa hiyo adhana itakukuta katikati ya darasa mwaka mzima. Kati ya Magharibi na Isha ni kama saa moja na dakika chache. Ukitoa swala na mwendo, unabaki na dakika 35 hadi 40, na darasa la namna hiyo huwa la haraka haraka tangu mwanzo hadi mwisho.

Sisi tungechagua saa 10 na dakika 40 hadi saa 11 na dakika 40. Joto la mwili liko juu, jua limeanza kulegea, na baada ya darasa inabaki nusu saa au zaidi ya kufika nyumbani na kutawadha. Hapa unaweza kufundisha kazi nzito ya wiki: kusimama kwa mguu mmoja, mikao ya kuegemea mikono, kurudi nyuma kwa kina. Wanaohofia jiko wapikie mchana. Hilo ni la kukubaliana nao, na ukiwaeleza kwamba saa hiyo miili yao iko tayari kuliko saa nyingine yoyote, wengi watajipanga.

Kama haiwezekani, weka darasa la pili baada ya Isha, saa 2 hadi 2 na dakika 45 usiku, la utulivu tu, usiite la kawaida. Na asubuhi saa 12 kamili inafaa, kwa kuwa swala ya Alfajiri imekwisha na watu tayari wamesimama, wametembea, wametia maji mwilini. Rukuu na sijida zimeshawalegeza magoti na vifundo kidogo, ingawa hatua za mwanzo tulizomwandikia msomaji wa Morogoro bado zinahitajika.

Mambo matatu ya darasa la usiku ambayo walimu huyasahau. La kwanza ni mbu. Baada ya Magharibi huingia, na mtu aliyelala shavasana, mapumziko ya mwisho ya kulala chali, hawezi kutulia akiwa anaumwa. Pulizia chumba dakika 60 kabla, madirisha yamefungwa, kisha fungua hewa ibadilike kabla watu hawajaingia. Weka wavu madirishani. Waambie waje na shuka jepesi la kujifunika. Usiwashe dawa ya mbu ya kuchoma ndani ya darasa, kwa sababu watu wanavuta pumzi ndefu na moshi huo unawaingia wote. La pili ni taa. Mirija ya darini humulika macho ya aliyelala chali, hivyo izime dakika 15 za mwisho na uache taa ndogo pembeni, chini. La tatu ni wanaochelewa kwa foleni. Aliyekosa utangulizi asiunganishwe moja kwa moja na wenzake. Apewe nafasi nyuma, afanye paka na ng'ombe na hatua ndefu kwa dakika 5, ndipo ajiunge.

Ofisini kwetu Nairobi kuna chumba cha mikutano kinachokuwa wazi saa 7 mchana. Tuna dakika 40. Tule kwanza au tufanye kwanza? (Msomaji)

Fanyeni kwanza. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014, alitaka saa 4 zipite baada ya mlo mzito. Kwa watu wa ofisi tunaona saa 3 zinatosha ikiwa mlo ni wa wastani, saa moja na nusu baada ya chai na mandazi, na dakika 45 baada ya ndizi moja. Aliyekula saa 1 asubuhi na kunywa chai saa 4 atafika saa 7 tumbo likiwa shwari. Anayetetemeka kwa njaa ale ndizi saa 6 na robo.

Toeni dakika 5 za kubadili nguo na 8 za kula baadaye. Mnabaki na 27. Msifanye salamu ya jua za haraka kwa sababu mtatoka jasho na hakuna pa kuoga. Mtu aliyekaa tangu asubuhi amefupisha mbele ya nyonga na amekunja mabega mbele, basi fanyieni kazi sehemu hizo mbili tu: hatua ndefu, goti chini, dakika moja kila upande mara mbili, mikono nyuma ya mgongo na vidole vimefumwa, kusimama mlangoni viganja vikishika miimo, kifua kikisogea mbele, kiti nyuma ya meza kwa mikao ya kujizungusha. Saa 7 hadi 9 mchana mwili huwa na usingizi wa asili, hata kwa asiyekula. Kwa hiyo simameni zaidi ya kulala. Shavasana iwe dakika 3, kengele imewekwa. Ikifika 10 mtarudi mezani mmelewa usingizi. Na msivae soksi juu ya zulia la ofisi, mtateleza.

Darasa langu Dar linaisha saa 2 na nusu usiku. Narudi nyumbani mwili umechoka lakini macho makavu hadi saa 7. Yoga si inaleta usingizi? (Msomaji, Kinondoni)

Inategemea yoga gani. Ili usingizi uje, joto la ndani lazima lishuke na mapigo ya moyo yapungue. Darasa la nguvu hufanya kinyume chake. Mikao ya kurudi nyuma kwa kina, kusimama kwa mikono, na pumzi za haraka kama kapalabhati huuamsha mwili, na hiyo ndiyo kazi yake. Zikifanywa saa 2 usiku chini ya taa kali, kisha ukala ugali na nyama saa 3 na nusu, mwili hauna sababu ya kulala.

Mwombe mwalimu wako apange hivi, au upange mwenyewe: nguvu zote ziishe katika dakika 30 za kwanza. Baada ya hapo, hakuna kurudi nyuma zaidi ya daraja dogo lenye mto chini ya kiuno. Fuateni mikao ya kuinama mbele kwa kukaa, paji la uso likiegemea mto au kiti, pumzi 15 hadi 20. Kisha miguu ukutani kwa dakika 8 hadi 10, makalio sentimita 10 hivi kutoka ukutani. Misuli ya nyuma ya paja ikivuta, sogea hadi sentimita 30. Miguu ikifa ganzi, kunja magoti na ubandike nyayo ukutani. Mwishoni pumua kwa hesabu: ingiza kwa 4, toa kwa 6, mizunguko 20, bila kushikilia pumzi. Shavasana dakika 8.

Kula kidogo saa 11 jioni, kabla ya darasa, na ukirudi iwe uji au supu. Oga maji yasiyo baridi sana. Maji ya barafu hukuamsha upya, jambo ambalo watu wa Dar hulisahau kwa sababu ya joto.

Na kama una nafasi ya kuhamia darasa la asubuhi, hamia. Februari Dar, saa 10 jioni, joto linapita digrii 30 na hewa imejaa unyevu. Jasho halikauki, viganja vinateleza katika mkao wa mbwa, na mtu hukunja mabega ili asianguke. Hapo anajifunza kosa. Nairobi Julai tatizo ni kinyume: alfajiri huwa baridi, basi baki na sweta dakika 15 za kwanza.

Mwezi wa Ramadhani niache kabisa? (Msomaji, Unguja)

Usiache, punguza. Saa nzuri ni dakika 45 kabla ya futari: mikao ya chini, dakika 25, bila jasho, bila kichwa chini kwa muda mrefu. Ukiinuka, pitia ubavuni na ukae kwanza, kwa kuwa mwili usio na maji huleta kizunguzungu. Anayetaka kazi ya nguvu aifanye saa moja na nusu hadi mbili baada ya futari nyepesi, kabla au baada ya tarawehe. Baada ya daku usifanye kitu. Tumbo limejaa na usingizi wa kumalizia una faida zaidi.

Mimi ni muuguzi wa zamu, wiki moja usiku, wiki moja mchana. Saa yangu ni ipi? (Msomaji, Mwanza)

Dada, usifuate saa ya ukutani. Hesabu kuanzia unapoamka. Mazoezi yako makuu yawe dakika 60 hadi 90 baada ya kuamka, iwe ni saa 12 asubuhi au saa 9 alasiri. Ukitoka zamu ya usiku fanya dakika 12 tu, pazia limefungwa: miguu ukutani dakika 6, kujizungusha ukiwa umelala dakika 2 kila upande, pumzi za kutoa kwa urefu dakika 2. Usithubutu kusimama kwa kichwa wala kujaribu mkao mpya asubuhi hiyo. Umekesha, miguu imevimba, na uwiano wa mwili umeshuka.

Nina miaka 58, presha na sukari kidogo. Binti yangu anasisitiza alfajiri. Mnasemaje? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Binti yako ana nia njema, lakini kwako tungesogeza hadi saa 3 asubuhi, au saa 10 na nusu jioni. Shinikizo la damu hupanda mtu anapoamka, na mshtuko wa moyo na kiharusi hutokea zaidi katika saa za asubuhi kuliko saa nyingine. Meza dawa kwa saa uliyoelekezwa na daktari wako, kunywa chai, tembea uani, kisha uanze. Kipimo kikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna yoga, ni hospitali.

Saa yoyote utakayochagua, kichwa kisishuke chini ya moyo na pumzi isishikiliwe. Badala ya mkao wa mbwa, simama mbele ya meza, weka viganja juu yake, rudi nyuma hadi mgongo uwe sambamba na sakafu. Kusimama kwa kichwa huongeza shinikizo ndani ya jicho karibu mara mbili, na kwa umri wako ni vyema macho yapimwe. Mwenye presha ya macho aiache mikao yote ya kichwa chini maisha yake yote.

Kuhusu sukari: kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, pima kabla. Ikiwa chini ya 5 kwenye mashine inayosoma mmol/L, kula kitu kwanza. Weka karibu na mkeka maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, unywe mara ukisikia jasho la ghafla, kutetemeka au njaa kali. Hii ndiyo sababu nyingine ya kukuepusha na alfajiri, maana unakuwa hujala tangu usiku.

Mwalimu wetu anasema asiyefanya yoga katika brahma muhurta hafanyi yoga. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

Brahma muhurta ni hesabu ya Kihindi: inaanza saa moja na dakika 36 kabla ya jua kuchomoza na kwisha dakika 48 kabla. Jua likitoka saa 12 na nusu, basi ni kuanzia saa 10 na dakika 54 hadi saa 11 na dakika 42 alfajiri. Ni saa ya kutafakari, sala na pumzi tulivu, na kwa hayo tunaikubali kwa moyo wote: mji umetulia, simu haijalia, tumbo tupu. Ni saa ileile ambayo pwani yetu hukaa macho kwa adhana ya Alfajiri.

Lakini kuifanya sharti la mikao yote si sawa hata kwa mapokeo yenyewe. Hatha Yoga Pradipika, maandiko ya Svatmarama ya karne ya 15, yanaelekeza mazoezi ya pumzi mara nne kwa siku: asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku wa manane. Iyengar naye alikubali asubuhi na jioni, akieleza kwamba asubuhi akili ni mpya na mwili mgumu, jioni mwili ni mwepesi. Mysore, India, alikofundisha Pattabhi Jois, mwalimu wa mtindo wa yoga uitwao Ashtanga, hadi alipofariki mwaka 2009, wanafunzi huanza kabla ya mapambazuko, siku sita kwa wiki. Ratiba nzima ya wanafunzi imejengwa juu ya hilo, hadi saa ya kulala.

Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati moja. Delhi, jua la Juni na la Januari hupishana karibu saa mbili kuchomoza, kwa hiyo anayefuata mapambazuko hulazimika kubadilisha saa ya kuamka mara kwa mara. Nakuru hupishana kwa kama nusu saa tu mwaka mzima. Ukishazoea saa yako, hutaisogeza. Ila alfajiri inayonunuliwa kwa kulala muda wa saa 5 tu kila usiku itakuletea majeraha. Lala saa 3 usiku au chagua saa nyingine.

Je, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni lazima kupumzika? (Msomaji, Bagamoyo)

Ni desturi ya wafuasi wa Ashtanga. Wengine hawaifuati, wala hawadhuriki. Kama unafanya siku sita kwa wiki, mapumziko hayo mawili ya mwezi yatakufaa.

Nina madarasa matatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni. Bega la kulia limeanza kugoma. (Mwalimu, Dar es Salaam)

Tunashuku kuwa unaonyesha kila mkao, upande wa kulia, mara tatu kwa siku, na mara ya kwanza ukiwa baridi. Mwanafunzi anapashwa joto na darasa. Wewe unasimama, unatembea, unasahihisha, kisha ghafla unashuka kwenye ubao na swila bila maandalizi. Hapo bega huumia.

Fika saa 11 na nusu na ujiandae dakika 20 kabla ya wanafunzi. Katika darasa la asubuhi onyesha nusu ya mkao, maneno yamalizie. Badilisha upande kwa siku: Jumatatu kulia, Jumanne kushoto. Mkao mgumu uonyeshwe jioni tu, mara moja, au umwombe mwanafunzi aliye tayari auonyeshe. Mazoezi yako binafsi yawe saa 4 asubuhi, katikati ya madarasa, ukiwa na joto na tumbo jepesi. Usiyaweke baada ya darasa la jioni, kwani huko ndiko walimu hujimaliza.

Sauti pia hubadilika kwa saa. Asubuhi sema kidogo, taja mkono na mguu tu, acha ukimya wa dakika 5 mwanzoni. Mchana ongea kwa haraka na uwazi, watu wanasinzia. Jioni punguza sauti kadiri darasa linavyoendelea. Na darasa la asubuhi liishe kwa dakika uliyotangaza. Mtu anayewahi daladala akicheleweshwa mara mbili, harudi, hata kama alipenda ulichofundisha.

Nafundisha kwa video kutoka Arusha. Wanafunzi wako Muscat na London. Jumamosi saa 4 asubuhi inawafaa wote? (Mwalimu)

Saa yako 4 asubuhi ni saa 5 kwa Muscat. London ni saa 2 asubuhi majira ya joto na saa 1 majira ya baridi, kwa kuwa Uingereza hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Waandikie muda kwa tarakimu za kimataifa, 10:00 ya Arusha, kwa sababu ukiandika "saa 4" wapo watakaofungua kompyuta saa 10 jioni.

Miili iliyo mbele ya kamera yako ni ya aina mbili. Wa London ameamka sasa hivi, Desemba bado ni giza dirishani. Wa Muscat amekwisha kula na kutembea. Fundisha kwa kumfuata aliye baridi zaidi. Dakika 12 za mwanzo ziwe zile za alfajiri, na kuinama mbele kusubiri hadi baada ya dakika ya 35. Wa London apashe chumba joto nusu saa kabla na abaki na soksi za sufu hadi atakaposimama. Wa Muscat azime kiyoyozi dakika 10 kabla ya kuanza na akiwashe tena kwenye shavasana kama anataka, mradi hewa isimpulize shingoni.